Soksi Uliyoipanua

Binti yangu,

Pasi nimeichomoa. Shati la mwalimu liko mezani, mkono mmoja bado. Usilimalizie, utaunguza kola kama juzi.

Asubuhi nilijikuna juu ya kifundo cha mguu, pale ngozi ilipogeuka nyeusi kando ya mishipa iliyovimba. Ni mkwaruzo mdogo tu, ila maji yanachuruzika hadi kwenye kandambili. Naogopa, mwanangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mwezi uliopita muuguzi aliniambia mguu wa hivi ukichubuka, kidonda kinaweza kugoma kufunga. Akauliza: unasimama kutwa? Damu iliwahi kuganda mguuni? Ndiyo, nilipokuwa na mimba yako. Soksi ya kubana unavaa? Nikasema navaa. Sikumwambia kwamba umeipanua kwa cherehani. Kumbe kubana ndiyo kazi yake! Sikulaumu, mimi ndiye niliyekuomba.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie, lakini ale kwanza.

Nimekwenda zahanati, na soksi nimeibeba nikamwonyeshe muuguzi, hata akinigombeza.

Shati nitalimalizia kesho nikiwa nimekaa. Nitafutie stuli ndefu.

Mama yako