Lenzi ya Baba Yako Mdogo

Kwako binti yangu,

Huku tu wazima, ila goti langu halisikii dawa. Nimesikia ulimuuliza baba yako mdogo lenzi ya kununua kabla hujaniuliza mimi. Haya. Yule ni mimi niliyemshikisha kamera, na picha zake za mwanzo zilikuwa zinakata watu vichwa.

Mimi nimepiga picha za mpira miaka thelathini kwa lenzi fupi, nimelala nyuma ya goli, na hakuna bao lililonipita. Yeye anakwambia uchukue ya kuvuta mbali, mpaka milimita mia sita, eti inafaa mpira na wanyama pia. Nikajua anajidai tu. Juzi nikaazima ya kwake niipeleke uwanjani nikaone ubovu wake.

"Kaka, usije ukaiangusha," akaniambia, kama anasema na mtoto.

Nikaielekeza goli la mbali, ambako ndege mweupe alikuwa ametua. Mwanangu, nililiona jicho lake, na panzi mdomoni bado anarusha miguu. Nikairudisha, nikamwambia ni nzito.

Chukua hiyo hiyo. Lakini picha ya kwanza nitumie mimi, yeye aje aionee kwangu.

Ni mimi baba yako, wa kwanza kukushikisha kamera.