Dakika Arobaini na Nne

Jumatano, 5 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima na kile kifua kimepoa. Sisi hatujambo. Mama anasema hajambo isipokuwa mgongo, na bado anacheka kwamba unajenga minara ya simu mahali ambapo simu haishiki. Najua utaisoma hii Jumamosi ukishuka ofisini.

Nimepata kazi ya majaribio. Mkuu wa kituo cha kulelea watoto, pale pale anapofanya kazi mama, amenunua kamera nne. Aliuliza nani anajua kompyuta, mama akanitaja kabla sijajificha. Nimepewa kompyuta kuukuu, nikaiwekea mfumo wa Linux kama ulivyonifundisha likizo ile, kisha programu ya kamera. Kwenye skrini naona watoto wakikimbia vizuri tu, lakini hakuna video hata moja inayohifadhiwa. Folda ipo, tupu. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Mkuu akipita anauliza, "Fundi, vipi?" nami namjibu, "Bado kidogo." Leo ni siku ya tatu ya bado kidogo. Nifanyeje?

Mpwa wako


Jumamosi, 8 Juni

Marahaba mpwa wangu,

Kifua kimepoa, ila kikohozi kimebaki kama mgeni asiyejua kuaga. Msalimie dada yangu, mwambie aucheke mnara vizuri maana ukiisha atanipigia mimi wa kwanza.

Folda hiyo uliitengeneza ukiwa msimamizi wa mashine, basi ni mali ya msimamizi. Programu inafanya kazi kwa jina lake yenyewe, na jina hilo halina ruhusa ya kuandika humo. Umeajiri mpishi ukamnyima ufunguo wa stoo. Ipe programu umiliki wa folda, uiwashe upya. Na siku nyingine usikimbilie kuzima na kuwasha. Soma kwanza kumbukumbu za makosa. Mashine husema inaumwa wapi, sisi ndio wavivu wa kusoma.

Tena, kamera nne zikirekodi kutwa, diski itajaa kabla ya wiki mbili. Iambie programu irekodi pale tu kinapotikisika kitu. Pakitulia, nayo itulie.

Mjomba wako


Jumanne, 25 Juni

Shikamoo Mjomba,

U mzima? Sisi ni wazima wa mwili.

Ilikuwa ni ruhusa, kama ulivyosema, nashukuru. Nikaiweka irekodi panapotikisika tu. Kwenye chumba cha kulala watoto, pazia likawa linapepea na kurekodiwa kutwa, nikaiambia isijali mitikisiko midogo. Nilijiona nimekuwa fundi kweli.

Jana baba wa mtoto mmoja, kinyozi, aliomba kuona mwanawe analalaje mchana. Tukafungua. Kuanzia saa sita na dakika kumi na mbili mpaka sita na dakika hamsini na sita, hakuna kitu. Kinyozi akauliza, "Mlezi alikwenda wapi dakika arobaini na nne?"

Mlezi wa chumba hicho ni mama. Akajibu, "Sikwenda popote, baba. Nilikuwa nimekaa na watoto."

"Mashine haina undugu na mtu," kinyozi akasema.

Mkuu amemwambia mama akae nyumbani mpaka Ijumaa, wazazi waitwe kikao, ndipo ijulikane anabaki au anaondoka. Amelea watoto pale miaka kumi na mmoja. Sasa anaosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Nimemwomba radhi, akasema, "Wewe uliweka jicho tu, mwanangu. Hukulituma liseme uongo." Hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Najua hutaisoma hii kabla ya Jumamosi. Nimeandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, unajua.

Mpwa wako


Jumamosi, 29 Juni

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kosa ni langu. Nilikwambia irekodi panapotikisika tu, wala sikuuliza ni chumba gani. Dada yangu akishika mtoto aliyelala huganda kama sanamu, tangu tukiwa wadogo. Programu haikumwona kwa sababu alitulia.

Kikao kimekwisha na mimi niko huku milimani. Jumatatu nashuka. Kama wamemfukuza, nitasimama mlangoni kwa Mkuu mpaka wanisikie. Nijibu leo au kesho, nimeomba ofisi iachwe wazi kwa ajili yangu.

Mjomba wako mkosaji


Jumapili, 30 Juni

Shikamoo Mjomba, na upumue. Kesho mama anarudi kazini.

Jumatano nilikaa na kumbukumbu za mashine, nikaona programu haikuwa imezimika hata sekunde. Basi nikafungua picha ya mwisho kabla ya pengo na ya kwanza baada yake. Mama yuko kitini, mtoto kifuani, kiganja chini ya kichwa cha mtoto. Zote mbili ni hivyo hivyo, hata kidole hakijahama.

Kwenye kikao, mle mle chumba cha kulala watoto, nilianza kwa kunong'ona. Kinyozi akasema, "Binti, ongea na sisi, viatu vyako havina neno." Nikainua kichwa. Nikawaonyesha picha. Nikasema kamera inatazama kiti na mlango, kwa hiyo mama asingeweza kutoka bila kuinuka, na angeinuka, ingerekodi.

"Mtu mzima atulie dakika arobaini na nne? Hayupo," kinyozi akasema.

Sijui nilitoa wapi ujasiri, nikamwomba akae yeye kwenye kiti kile kile, mbele ya kamera. Akakaa. Wote tukatazama skrini, alama nyekundu ikiwaka ndiyo inarekodi. Dakika haikwisha, akajikuna pua, ikawaka. Mara ya pili ni goti.

Mzazi mmoja akamwambia, "Kutwa unatukemea tutulize vichwa, kumbe hata wewe hutulii." Watu wakacheka, na yeye pia. Nikairudisha picha ya mama, naye akainama kuisogelea skrini. Akasema polepole, "Huyu ni wangu."

"Alikuwa anaota meno," mama akasema. "Nikimlaza chini analia, anaamsha wenzake wote. Alipolala sikuthubutu hata kupumua."

Kinyozi akainuka, akampa mama kiti chake. Akaomba msamaha mbele ya wote. Mkuu naye. Chumba cha kulala sasa kinarekodiwa mfululizo, zile kamera tatu nyingine zinasubiri mtikisiko, na diski inatosha, nimepima. Kwa hiyo usishuke kugombana. Shuka kutusalimia.

Ningekujulisha Ijumaa ile ile, lakini tuliporudi mama alikaa kochini kando yangu, apumzishe macho kidogo. Akasinzia begani kwangu. Siku nne hakuwa amelala vizuri. Mkono wangu ukafa ganzi, nzi akatua puani, nikamwacha. Mama alipoamka, jua lilikuwa limeshahama dirishani.

Mpwa wako