Ndoo ya Taka Niliyotilia Unga

Mpendwa mshauri Loyce, naomba msaada na naomba usicheke kabla sijamaliza, mimi ni mzee Chacha wa Tarime, shule niliiacha darasa la nne nayo haikunitafuta, nipo huku kwa Wachina, mtaa wa Dengfeng, nanunua nguo za watoto za kupeleka Mwanza, na jirani yangu ni Mama Afriyie wa Kumasi, Ghana, ametumwa na wanawake wa mtaa wake awanunulie ndoo za taka za jikoni, maana kule mkokoteni wa taka ukichelewa watu humwaga mtaroni, mvua ikija mtaro unawarudishia kila kitu ndani na watoto wanaharisha, nami badala ya kumpa pole nikamtania, "Wenzako wananunua simu, wewe unazijengea taka nyumba?" akacheka, akanipa ndoo ya sampuli, "Papa, wewe kila siku samaki, nijaribie."

Mwanangu, ndoo ilikuwa nzuri, mfuniko unabana kama mkono wa bahili, nikaona kutia matumbo ya samaki humo ni dhambi, nikatia unga wangu wa dona, taka nikaendelea kuziacha chini ya ngazi, na alipokuja kuuliza, "Papa, inavuja? Inanuka?" nikajibu, "Mama, hata nzi anapita hajui!" akairekodi sauti yangu, akawatumia wenzake Kumasi, wakafurahi, akaagiza kontena zima.

Juzi unga ukaisha, nikatia taka kweli, kulipokucha maji ya samaki yalikuwa yametoka kitakoni yametambaa mpaka chini ya kitanda, na kontena linapakiwa bandarini Huangpu Ijumaa, na kila tukikutana ananiita mtaalamu wake, nami natazama viatu. Je, nikimwambia ndoo imepasuka juzi tu, nitakuwa nimekosea sana?

Mzee Chacha, Dengfeng

JIBU

Shikamoo, mzee. Heshima nimeshatoa, sasa nisikilize.

Ndiyo, utakuwa umekosea, tena mara ya pili. Kwa unga sikulaumu. Hata mama yangu ukimpa ndoo yenye mfuniko atatia mchele. Lakini ungemwambia hivyo siku ile ile, kwa sababu wanawake wa Kumasi nao watatia mchele, na taka zitarudi mtaroni. Ulikuwa na jibu la maana, ukaona aibu, ukampa mzaha. Watoto wa watu hawaponi kwa mzaha, baba yangu.

Nenda leo. Usimtumie ujumbe. Beba ndoo yenyewe na uchafu wake, aone inapovujia. Kisha mfuatane kwa laoban, huyo tajiri wa duka aliyemuuzia. Kubishana na matajiri wa soko unakujua, "bu yao" yako, hiyo "sitaki" ya Kichina, naambiwa inasikika mpaka barabara ya Huanshi. Mkatae mzigo, mdai ndoo zenye kitako kizima, na zitiwe maji mbele yenu kabla ya kupakiwa. Halafu urekodi sauti nyingine ya kwenda Kumasi, ya kweli.

Na ukifika mlangoni kwake ukajisikia kuanza utani, rudi chumbani kwako uanze upya. Gonga, sema, "Mama, nilikudanganya," kisha nyamaza mpaka aseme yeye.