Tua Mzigo, Mnyamwezi

Kondo, mtani wangu,

Ule mto wa bustani ya michezo umekaushwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Jumatatu walifungua mabomba ya kutolea maji, na kufikia adhuhuri maji yote yalikuwa yameondoka, boti zimekaa juu ya saruji kama viatu mlangoni pa msikiti. Mimi sikuwepo. A-Ying alinitumia picha.

Tangu tukuzike ni miezi saba na sijakuandikia. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa naamka, nachemsha chai, naenda ghalani kusimamia mizigo ya watu, narudi. Bado napima vikombe viwili vya mchele. Sufuria ya umeme inalia, nafunua, naona wali wa watu wawili, nakula wa mmoja. Sisikii uchungu nikifanya hivyo. Sisikii kitu. Daktari wa mtaani aliniuliza kama napata usingizi, nikamwambia napata, na ni kweli. Nalala kama gunia.

A-Ying humjui. Ni mama wa miaka thelathini na kitu, karani wa benki, mzaliwa wa hapa hapa Guangzhou. Mwezi wa tatu baada ya kifo chako aliingia kwenye mkahawa wetu wa ghorofa ya pili pale barabara ya Huanshi Zhonglu, akawa anapita meza hadi meza na simu yake, akiwaomba watu wasikilize kitu. Nilidhani anauza. Mimi nilikuwa nakula, sikuinua kichwa. Kisha Mama Béa, yule Mkongo anayenunua nguo soko la Shisanhang, akageuka akaniita.

"Papa Maganga, sikiliza kidogo. Si ni Kondo uyu?"

Ulikuwa wewe. Sauti ilikuwa mbovu, maji yanachuruzika, watoto wanapiga kelele juu yako, lakini ulikuwa wewe, na ulikuwa unanitukana. Nilimeza tonge lililokuwa mdomoni. Nikamwomba mama yule aketi.

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa bado nina nywele. Bustani ya michezo ilikuwa inajenga ule mchezo wao wa boti, Mto wa Msitu, wakatafuta Mwafrika mwenye sauti nene. Ulikuwa na sauti nene. Mimi nilikuwa na Kichina kizuri kuliko chako, kwa hiyo ulinichukua niwe mkalimani. Karatasi yao ilisema wewe ni mzee wa kabila la msituni, unawaombea wageni ulinzi kwa mizimu ya mto. Nilikusomea yote. Ukaikunja karatasi mara mbili, ukaitia mfukoni.

"Mizimu gani, Maganga? Mimi natoka Kisarawe."

Ukaingia kwenye kile kichumba cha kioo. Mimi nilisimama upande huu pamoja na fundi na yule bosi mwenye tai. Ukanitazama machoni, uso mkavu kama kadhi, ukaanza. Haya, Mnyamwezi, panda, usiogope maji, hayana meno. Mikono ndani, huku hakuna mzigo wa kubeba. Usiguse kitu, si cha baba yako. Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Niliuma mkono wa shati. Na mwisho kabisa, kwa ile sauti ya kuzimu, ukamalizia: Tua mzigo, Mnyamwezi. Umefika pwani.

Bosi akaniuliza kama umetafsiri sawasawa. Nikamjibu: neno kwa neno.

Tulicheka hadi soko la Zhanxi. Tulikuwa tunakwenda kuchukua viatu vya mteja, na kila nilipoinua boksi ukaniambia tua mzigo. Halafu tukasahau. Wewe ulipanda ile boti mara mbili tu maishani, mimi mara moja. Hatukujua kwamba kuna watoto waliokuwa wanakua na maneno yale. A-Ying aliyajua yote, toka mwanzo hadi mwisho, na hakujua maana ya hata moja. Alinitamkia hapo mezani, polepole, kwa lafudhi yako ya Kizaramo. Mama Béa aliacha kula.

Alikuja kwa sababu bustani ilikuwa imetangaza kwamba Mto wa Msitu utabadilishwa sura. Sanamu zitaondoka, na mahali pake pajengwe kituo cha angani, na maroboti. Wapenzi wa mchezo ule wana kundi lao kwenye simu, Kondo, watu wazima wenye kazi zao, na walikuwa wanagombana kama warithi. A-Ying aliniingiza. Nilisoma wiki nzima. Mmoja alisema harufu ya maji yale ndiyo harufu ya kuwa na miaka saba. Mwingine akamjibu kwamba hiyo ni harufu ya ukungu na aende akaoge. Wengine walibishana juu ya rangi ya mamba, kama zamani alikuwa wa kijani au wa kijivu, kurasa na kurasa, na kuna mtu alitoa picha ya harusi yake kama ushahidi.

Upande wa kubadilisha uliongozwa na mhandisi mmoja, Zheng, aliyefanya kazi miaka kadhaa Angola. Aliandika kwamba angeona haya kumpandisha rafiki yake yeyote wa kule kwenye boti hiyo. Wale watu wa plastiki wenye mikuki na mifupa puani, aliuliza, nani anawajua? Nilikuwa upande wake. Wewe pia ungekuwa. Ulisema siku ile ya pili uliyopanda kwamba yule mwenye ngoma amefanana na mjomba wako aliyekula nauli ya watu, na hilo ndilo jema pekee ulilolisema.

Lakini sauti ilikuwa jambo jingine. Upande wa kubakisha ulikuwa na hoja moja nzito, nayo ilikuwa wewe. Waliamini kwamba maneno yale ni sala ya kale. Bustani ilikuwa imewajibu kwamba kama yana thamani ya kimila, huenda sauti ikahifadhiwa hata sanamu zikiondoka. Kilichotakiwa ni mtu anayejua lugha athibitishe.

Tukakutana asubuhi kwenye nyumba ya chai, pande zote mbili. Mimi nilikunywa chai tu, vyakula vyao vingine unavijua. A-Ying akanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: mimi, mzee kutoka Afrika, nathibitisha kwamba haya ni maombi ya baraka yaliyorithiwa toka kwa mababu. Palikuwa na nafasi ya jina.

Nilishika kalamu, Kondo. Sitakuficha. Simu yako nilikwisha kuitoa. Nguo zako nilikwisha kuzigawa. Picha ninazo nne, na katika zote umefunga mdomo. Sehemu pekee duniani ambako ulikuwa bado unasema ilikuwa ndani ya ile mashine, na ilihitaji uongo mmoja tu. Na uongo wenyewe haukuwa mpya. Nilikwisha kuusema mara moja, kwa maneno matatu, na hakuna aliyedhurika.

Kisha nikaisoma karatasi tena. Nikaona kwamba nikitia jina, nitakuwa nimekuvika mfupa puani. Utakaa humo miaka na miaka, mzee wa msituni anayeomba mizimu, na mimi ndiye niliyekupeleka. Uliikunja karatasi ya kwanza ukaitia mfukoni. Hii ya pili nikaikunja mimi.

Nikawaambia. Niliwaeleza Wazaramo na Wanyamwezi, na kwamba babu zangu walibeba mizigo ya watu kwa miguu toka bara hadi pwani, na babu zako waliwapokea huko na kuwacheka, na wakachekwa. Kwamba mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Niliwatafsiria kila neno, hata la baba yako. Nikakiri kwamba mkalimani aliyemdanganya yule bosi nilikuwa mimi.

Zheng akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii Wanyamwezi ni sisi."

Wakacheka, kwanza watu wake, kisha wote. Isipokuwa A-Ying. Yeye aliuliza kama utani huo unaisha mtu akifa. Nikamjibu hapana, ndipo unapokuwa kazi. Mtani huja msibani akicheka wakati wengine wanalia. Humwigiza marehemu, humsema vibaya, hujilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, hata kama ni kitu kidogo. Akiisha kupewa, anaondoka, na maiti anapita.

"Na wewe ulifanya?"

Sikufanya. Unalijua hilo, ulikuwepo. Tulikuwa wanaume sita. Mvua ilikuwa inanyesha, imamu alikuwa na haraka, na mlinzi wa makaburi alikuwa anatuangalia. Nikafikiri: mzee mgeni akijilaza hapa kwenye matope akaanza kupiga kelele, wataita nani? Nikasimama na mwavuli kama mtu anayesubiri basi. Wakakupitisha mbele yangu bure kabisa, kama huna mtani duniani.

Nilimwambia A-Ying hivyo, kwa kifupi zaidi. Akaomba nimwandikie maneno yako, Kiswahili juu, Kichina chini. Akaniambia kwamba kabla ya kila mtihani wake mkubwa alikuwa anayasema yale ya mwisho, akidhani ni dua. Akayasoma sasa kwa maana yake. Akafikiri kidogo.

"Kwa dua, si mbaya," akasema.

Baada ya hapo waliacha kugombana. Waliandika barua moja, pande zote: ondoeni mikuki, bakisheni sauti, na ukweli wake uandikwe kwenye ubao mlangoni. Jibu lilikuwa la mistari miwili. Shukrani, na kwamba kituo cha angani kina sauti zake. Nilisoma nikaenda ghalani. Palikuwa na marobota ya Lubumbashi ya kupanga.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho. Sikutaka kwenda, A-Ying akanifuata kwa teksi. Foleni ilizunguka hadi kwenye vibanda vya soseji. Tukapanda, mimi nimekaa mbele. Uliponiambia usiogope maji, boti nzima ikasema pamoja nawe, na boti ya nyuma, na iliyoifuata. Kwenye lile la baba yako wakalisema kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa wanajua. Sikukusikia vizuri. Nakwambia ukweli, siku ya mwisho ya sauti yako sikukusikia vizuri, walikufunika.

Lakini gatini, pale pa mwisho, watu walikuwa wanainuka na kutafuta mikoba, na ukasema peke yako: Tua mzigo, Mnyamwezi. Umefika pwani.

Wote wakashuka. Mimi sikushuka. Sikuwa nimepanga. Yule fundi mzee wa gatini, Liang, ambaye amewashusha watu pale tangu mwanzo, akaniinamia. "Babu, tumefika."

Nikamwambia sitoki mpaka nilipwe. Akauliza nini. Nikasema jogoo. Kisha nikajilaza kwenye benchi la boti, magoti yamenikunjika kwa kuwa pamebana, na nikaanza. Nilisema huyu ni Mzaramo gani, aliyezoea kukesha ngomani, leo kalala kabla ngoma haijaanza. Nilisema ni mvivu aliyeona kuna kazi ya kufa, haina asubuhi wala msimamizi, akawahi. Nilisema hajui kupika, anaunguza hata maji. Niliigiza kukohoa kwako. Nilisema kwa sauti, Kondo, kwa Kiswahili, mbele ya foleni nzima na watoto na vijiti vyao vya pamba ya sukari. Nilimsikia A-Ying akimweleza Liang kwa Kikantoni, harakaharaka. Boti za nyuma zilikuwa zinagongana.

Liang alinitazama, akaitazama foleni. Jogoo hakuwa naye. Akafungua chupa yake ya chai, ile ya kioo yenye majani chini, akanipa.

Nikanywa. Ilikuwa chungu na ya vuguvugu. Nikamrudishia chupa, nikashikwa mkono, nikashuka. Ukapita.

Nilidhani baada ya hapo nitalia. Sikulia. Magoti yaliniuma siku mbili. Jioni nilipima tena vikombe viwili vya mchele bila kufikiri, na nilipofunua sufuria nikakutukana, peke yangu jikoni, kwamba hata umekufa unakula. Ndiyo mara ya kwanza kutaja jina lako humu ndani tangu ufe.

Dada yako Tatu nitampigia simu Jumapili, nimweleze kwamba kazi ya mtani imefanyika, imechelewa lakini imefanyika, na kwamba malipo yalikuwa chai. Najua atasema nimepunjwa. Na Ijumaa, baada ya sala, nitakuja makaburini. Sitaleta mwavuli, hata ikinyesha. Mlinzi akiniita nitamweleza, Kichina changu bado kizuri.

Basi, Mzaramo, kaa huko bila wasiwasi. Mzigo uliouacha nimeuinua mimi, na nitaubeba mpaka nami niambiwe nitue. Si ndiyo kazi mliyotupa?

Maganga,
Mnyamwezi wako