Nani Kakwambia Unirahisishie?

Jumatano, 17 Julai

Sare sita zimeisha, mbili bado vifungo. Baridi ya Iyunga leo haina adabu, vidole vinakataa kushika sindano. Dirisha la udahili limefunguliwa. Tuse, binti yangu, kashinda na simu anaomba vyuo. Famasia, famasia, kila mahali famasia. Nikamsubiri amalize. Kisha nikamwambia: sasa nijazie na mimi.

Alicheka. Akaona mwenzake sicheki.

Mimi nilifaulu kidato cha sita. Matokeo yalitoka nina mimba yake, chuo sikuomba, miaka ikaishia kwenye cherehani. Leo mfumo ukauliza namba ya mtihani. Nikaitaja kwa kichwa. Tukasubiri, duara likazunguka, mara jina langu hilo, lile la kwa baba yangu, na alama zangu zote pembeni yake. Kumbe bado nipo! Nimefurahi kama chizi.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeomba vyuo viwili. Sheria, Iringa: hiyo ndiyo yangu. Ualimu, hapa hapa Mbeya: hiyo ni ya Tuse, kanibembeleza niwe na akiba.

Kwa nini sheria? Kwa sababu dada yangu alinyang'anywa kiwanja na shemeji zake na sisi tukabaki kulia barazani. Na kwa sababu nina mdomo, nimechoka kuutumia bure.

Penye namba ya simu Tuse kaweka ya baba yake. Mazoea. Fomu za shule toka chekechea zinajazwa namba ya baba. Nimeona, nikaacha. Mume wangu si mwizi.

Jumapili, 28 Julai

Habari imefika kanisani kabla yangu. Mwenzangu mmoja wa kwaya kaniambia, huku anatabasamu, kwamba nitamaliza chuo na mvi. Nikamwambia mvi zitakuja tu, nisome nisisome. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikampigia Baba Tuse. Yuko Chunya, machimboni. Nikamweleza yote. Akajibu neno moja: "Haya."

"Haya" ya mume wangu ina maana kumi. Hii sikuipenda.

Jumanne, 3 Septemba

Majina yametoka!

Tuse kapata famasia, hapa Mbeya. Mimi kote kuwili. Nimepiga vigelegele peke yangu hadi fundi wa pikipiki wa jirani kaja kuuliza kuna harusi gani. Yaani mtoto atabaki nyumbani, mama ndiye anakwenda chuo cha mbali. Wacha waseme.

Sasa aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja tu. Mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu, unaiingiza kwenye chuo unachokitaka. Mwisho Ijumaa. Namba itakwenda kwa Baba Tuse. Nimemwandikia: ikifika nitumie.

Jumatano, 4 Septemba

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Nilikwenda kupeleka sare shuleni. Kurudi, Tuse macho mekundu. Namba ya siri ilifika asubuhi. Baba yake hakunipigia mimi. Kampigia yeye, kamsomea, kamwambia aiingize ualimu, Mbeya. Naye kaiingiza.

Eti: "Baba kasema anakurahisishia, usihangaike na Iringa."

Ananirahisishia! Nani kakwambia unirahisishie? Nililalamika lini kwamba ni ngumu? Ningetaka rahisi ningebaki na vifungo vyangu.

Tuse sikumpiga. Sikumsemesha pia. Ugali kala peke yake.

Alhamisi, 5 Septemba

Kufuta kunawezekana. Tuse kaulizia chuoni. Unafuta, unaomba namba mpya, unathibitisha upya. Ila namba mpya inakwenda simu ile ile. Na Baba Tuse hapokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Inaita tu.

Tuse kaniambia ualimu nao si mbaya. Nikamwambia si mbaya hata kidogo, nenda wewe. Baadaye kaja na simu yake imejaa chaji, kanionyesha pa kubonyeza, mara mbili, mpaka nikaweza. Kasema nisamehe mama. Nimemsamehe, ila bado naumwa.

Kesho nakwenda Chunya. Maji nimeshayavulia nguo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimerudi. Vumbi hadi kwenye meno.

Nilimkuta kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, inanguruma huwezi kusikia hata mawazo yako. Aliponiona alijua. Nikakaa juu ya kiroba cha mawe mbele ya wenzake wote. Sikumsalimia vizuri. Nikafuta ile ya Mbeya, nikaomba namba mpya. Simu yake ikawaka mfukoni. Hakuitoa.

Akaanza, kaniinamia sikioni: Mbeya si karibu? Ualimu si kazi? Nikasema kazi nzuri, si yangu. Akajifuta vumbi usoni. Halafu likamtoka lenyewe: "Ukishakuwa mwanasheria, Mama Tuse, utarudi kwa mla vumbi?"

Kumbe ni hilo. Kaogopa, mtu mzima. Nilimwonea huruma, nakiri. Lakini huruma sikuipa usukani.

Nikamwambia: "Sijui. Ila ukininyima hiyo namba, jibu ninalo leo hii."

Akatoa simu. Ningeweza kuinyakua. Sikutaka. Nilitaka aisome mwenyewe, kama alivyomsomea Tuse. Akasoma kainamia simu, sisikii, karasha linanguruma. Akapaza sauti. "Tano!" Wachimbaji wakapokea: tano! "Mbili!" Mbili! Namba ya siri, Chunya nzima inaijua. Nikabonyeza zote kwa kidole kimoja. Mtandao ukasuasua. Nikasimama juu ya kiroba. Ikakubali. Sheria, Iringa.

Baba Tuse akaninunulia soda. Tukanywa.

Jumamosi, 2 Novemba

Kihesa, hapa Iringa, kwa mama mkwe. Wiki ya kwanza imeisha. Darasani wananiita Mama, hata mwalimu mmoja kateleza kaniita hivyo. Sijali. Kusoma kurasa ishirini bila kusinzia bado kunanishinda.

Baba Tuse alipiga jana. Kaongea habari za mvua. Hakuuliza narudi lini, nami sikusema.

Mama mkwe hakunipokea kwa furaha. Siku ile ya kwanza kaniuliza ni mwanamke gani anamwachia binti sufuria aende kukalia dawati.

Leo jirani wana kipaimara cha mtoto wao. Wakaja wanawake wawili kuniita nikamenye viazi. Mkamwana mgeni hakatai, najua. Nikafunga kitabu, nikatafuta kanga.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Huyo mwacheni," akasema. "Huyo ni mwanafunzi."

Wakaenda. Akajifunga kanga yake akawafuata, kwenda kumenya yeye.

Nimekaa. Nimefungua kitabu tena.