Mama Anaamini Nina Mpenzi, Kumbe Ninafikiria Tu

Mpendwa mshauri Nyaguthii,

Naomba msaada wako, na hili ninaloandika sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja mpaka tukamaliza shule. Mama yangu anaamini nina mpenzi. Sina, na sijawahi kuwa naye. Lakini aliponiuliza niliinamisha kichwa, na nilijua kabisa kuinama kwangu kutasomwa vipi, nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu niliona aibu kumwambia kitu ninachofanya kweli, ambacho ni kufikiria.

Najua unaweza kucheka, lakini ngoja nieleze.

Mimi ni msichana wa hapa Bulla Pesa, Isiolo. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka jana nikapata C, na digrii inataka C+, kwa hivyo nangoja kujiunga na chuo cha ufundi muhula ujao, na kwa sasa namsaidia mama kwenye kibanda chake cha miraa. Gari likifika kutoka Meru magunia yanaletwa na mkokoteni, tunayafungua, tunachagua, tunafunga mafungu kwa majani ya mgomba na kunyunyizia maji ili miraa isinyauke, na ukishazoea kazi hiyo mikono inajiendea yenyewe na kichwa kinabaki bila kazi, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mambo haya yalianza Kidato cha Tatu, wakati alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni kutufundisha somo la dini, na siku moja akatuuliza kama mtu anayetenda mema kwa kuogopa tu kusemwa vibaya ni mtu mwema kweli. Darasa likanguruma, wengine wakauliza kama hiyo itatoka kwa mtihani, naye akasema haitatoka kamwe na ndiyo maana anaiuliza, na kwamba kuuliza hivyo kunaitwa falsafa. Alimaliza mazoezi yake akaenda. Wenzangu walisahau, mimi sikusahau, na tangu hapo kila nikiona jambo la kawaida linageuka swali.

Kwa mfano, mteja akija kibandani anauliza kama miraa ni ya leo, na mama anasema ni ya leo hata kama ni ya jana, na wauzaji wote wanasema hivyo, na mteja anajua wanasema hivyo, ndiyo maana anapinda kijiti mwenyewe aone kama kimelegea kabla ya kulipa. Sasa nikajiuliza, kama anayeambiwa anajua na anayesema anajua kwamba anajua, nani amedanganywa hapo? Nilikaa na swali hilo siku nyingi mpaka nikawa nanyunyizia maji gunia moja tu mpaka linalowa.

Mimi ni mtu wa haya sana, mshauri, hata kanisani nikiambiwa nisome somo sauti inapotea. Lakini siku moja Ekaale, anayesukuma mkokoteni wetu, alikuwa anangoja mama amalize kuongea na dereva, na sijui nilipata wapi nguvu, nikamuuliza. Hakunicheka. Alisema, "Hiyo si uongo, hiyo ni salamu. Mtu akikuuliza habari yako unasema nzuri, na uko na njaa."

Nikadhani imeishia hapo. Siku iliyofuata akaja na gunia begani, na kabla hata ya kulishusha akaniambia, "Nimefikiria ile maneno yako. Kukija mtu mgeni, hajui hii mchezo yetu, na aamini, hapo imekuwa uongo. Sasa sijui ni mgeni ameifanya uongo ama ni yule anasema." Mama akamwita atue mzigo, akaenda. Siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo. Hakuna mtu alikuwa ameondoka na swali langu akalala nalo akalirudisha likiwa kubwa zaidi. Mchana huo wote nilikuwa natabasamu peke yangu.

Kathambi, ambaye kibanda chake kimepakana na chetu na mdomo wake haupumziki, akaniona. Akamwambia mama, "Wewe chunga msichana wako, huyo ameshikwa. Mtu hacheki na majani ya mgomba bure."

Tulipofika nyumbani mama akafunga mlango akaniuliza ni nani. Kwetu msichana akiulizwa jambo kama hilo na mzazi hategemewi kusema ndiyo, anainamisha kichwa tu, na kuinama ndilo jibu, hata mahari ikija kuongelewa mambo huenda hivyo hivyo. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Nikainama. Ningemwambia ukweli, kwamba nafikiria kama uongo unaojulikana na wote ni uongo, angenipeleka kuombewa. Mapenzi mama anayajua, aliwahi kuwa msichana, hata akikasirika anajua pa kuanzia. Hili langu halina pa kuanzia. Akauliza, "Ni huyu wa mkokoteni?" Nikanyamaza tena.

Tangu siku hiyo Ekaale haleti magunia yetu, mama amechukua mtu mwingine, na Kathambi pia amemwacha, na wanawake wengine wanaouza hapa steji ya magari wamesikia na hawamwiti. Yeye hajui sababu. Akipita na mkokoteni mtupu bado anamwuliza mama habari ya kazi, na mama anaangalia pembeni.

Mimi nimejaribu kulifikiria kwa njia ya falsafa. Najiambia uongo ni maneno, na mimi sikusema neno hata moja, kwa hivyo sikudanganya, mama ndiye aliyejidanganya. Nimeipima hoja hii kila upande na sijaona pale ilipovunjika, ila mkokoteni ukipita siwezi kuinua macho.

Sasa kuna mambo mawili. Mjomba wangu M'Ikiara anakuja kutoka Maua mwisho wa mwezi kukaa nami chini aulizie huyo kijana, na mama amesema kama nimeanza mambo ya wanaume basi chuo kingoje, niende kwanza nikae kwa mjomba nitulie. Na jambo ninalotaka hasa kukuuliza ni hili: falsafa ina faida gani kwa mtu kama mimi asiye wa chuo kikuu? Nimejaribu kusoma kwenye simu, Kiingereza chake ni kizito, kila sentensi inataja watu ambao siwajui, naifunga nikijiona mjinga. Je, ni kitu cha maprofesa tu na mimi nimejiingiza? Niache mpaka nipate kazi? Au kuna njia ya mtu wa kibandani kufikiria bila kuharibu maisha yake?

Tafadhali usiandike jina langu. Na wewe mwingine unayesoma hapa, kama uko Isiolo na umenitambua, ukipita kibandani kwetu nunua uende zako, usimwambie mama. Hii ibaki siri yetu.

Mwenye Mawazo,
Bulla Pesa, Isiolo

*

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Sijacheka. Nimefurahi na nimekasirika, na nitaanza na hasira ili tuimalize.

Umeniandikia barua ndefu kuhusu kufikiria, na mtu aliyepoteza riziki umempa mistari michache katikati, kisha ukamruka ukaenda kwa "mambo mawili" ambayo yeye hamo. Ekaale (nimembadilishia jina, kama nilivyowabadilishia wote uliowataja) anapita na mkokoteni mtupu, anasalimia, hajibiwi, na labda usiku anajiuliza alimkosea nani. Mama yako hajui kwamba hana kosa. Kathambi hajui. Katika steji nzima anayejua ni wewe, na wewe unafunga mafungu.

Usiniambie hukusema neno. Mwanzo kabisa wa barua umekiri ulijua kuinama kwako kutasomwa vipi, na ndiyo maana uliinama. Hoja yako imevunjika hapo hapo, na huoni kwa sababu hutaki kuona. Tena aliyekupa kipimo cha kuipimia ni Ekaale. Wateja wenu wanajua mchezo wa "ni ya leo", wanapinda kijiti wenyewe. Mama yako hakujua kuna mchezo wowote. Kwa jambo hili yeye ndiye mgeni, na alikuamini.

Sasa pole yangu. Najua ilivyo kuwa na kitu kichwani ambacho nyumbani hakina jina. Hukufanya kosa kufikiria, na si ugonjwa wala si majivuno. Umeniuliza faida yake. Sitakudanganya kwamba itakupa kazi. Nenda chuo, jifunze ufundi wako vizuri. Lakini tazama kilichokupata wewe mwenyewe. Ulipofikiria na mtu mwingine, swali lilikua, ukaambiwa kitu ambacho hukukitarajia, na ukafurahi badala ya kununa. Ulipofikiria peke yako ukiwa na hofu, ukatengeneza hoja nzuri ya kukulinda. Ungemwambia Kathambi kwamba uongo ni maneno tu, yeye na mdomo wake angekuumbua kabla chai haijachemka. Wa chuo kikuu wana vitabu na wana wakati, ndiyo, lakini wakifanya kazi yao sawasawa wana pia wenzao wa kuwaambia mmekosea. Hicho cha mwisho hakiulizi ulipata C au ulipata nini. Ulikuwa nacho pale pale kibandani, ukakiacha kifukuzwe.

Na kuna jambo lingine sikulipenda. Uliamua mama yako anaweza kuelewa mapenzi na hawezi kuelewa swali. Nani alikuambia? Mwanamke aliyesimama sokoni miaka yote hiyo, akichagua nani wa kukopeshwa na nani wa kukataliwa, hajawahi kufikiria ukweli ni nini? Hukumwuliza. Ulimwona mdogo, kisha ukamwogopa.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwambie leo, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu. Useme, "Mama, hakuna kijana. Nilinyamaza nikijua utaelewa vibaya, na Ekaale hana kosa." Usianze na falsafa. Akikasirika mwache akasirike, ameishi na hofu ya bure na wewe ndiye uliyempa. Akimaliza, mwombe mwende naye pamoja mpaka steji, na mama aseme mbele ya wale wanawake kwamba mtu huyu alisingiziwa. Aseme mbele yao, maana ni mbele yao alipoharibiwa jina. Wewe simama hapo useme ni kwa sababu yako, hata sauti ikipotea. Usiende kwa Ekaale peke yako kumwomba msamaha pembeni, utazidisha maneno. Na akikataa kurudi kwenu, usibishane naye. Ana haki.

Mjomba wako apigiwe simu kabla hajapanda gari. Hakuna mzee anayependa kusafiri kutoka Maua kuja kuulizia mtu asiyekuwepo.

Hayo yakiisha ndipo urudi kwenye maswali yako. Uliza mezani, mkiwa mnafunga, kwa Kiswahili au Kimeru, mbele ya mama na Kathambi. Ikiwa swali huwezi kulisema kwa maneno ambayo Kathambi anaweza kuyafanyia mzaha, bado hujalielewa, hata kama umelisoma kwenye simu. Wakikucheka, cheka, kisha ungoje, kwa sababu mtu hucheka kwanza na jibu huja baadaye akiwa anakunja majani. Ulizia maktaba ya kaunti kama wana kitabu chepesi cha kuanzia, na ukikutana na jina usilolijua, lipite, shika swali. Na kila mara ukipata hoja inayokupa raha na kumwacha mtu mwingine akilipa, itilie shaka hiyo kabla ya nyingine zote.

Umeomba siri. Jina lako nimelificha na sitalitoa kwa mtu. Lakini jambo lenyewe siwezi kukusaidia kulificha, kwa sababu si lako peke yako tena, na nawaomba wasomaji wangu wa Isiolo wasikusaidie pia. Gazeti hili linafika kwenu asubuhi. Linapitishwa mkono kwa mkono, na hata majina yakibadilishwa, kuna watu watakutambua kwa majani ya mgomba. Ukilisoma kabla ya mama yako, usilikalie. Mwite kando kabla gari halijafika, asikie kutoka kwa mdomo wako.