Viatu Vinne vya Jeki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa ndani ya jalada. Kazini anaitwa Mama Randa.
Jinsia na umri: mwanamke, miaka 61
Kazi: seremala, ana karakana yake mwenyewe
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya karakana hiyo
Uhusiano na mshukiwa: mshukiwa ni shemeji yake, mume wa dada yake
Siku na saa: Jumapili, tarehe 15 Juni, saa nane na nusu mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, hakuna aliyeniita. Afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kuwa uongo wa leo umeshatosha, mimi nimekuja kuupunguza.

Dada yangu amenizidi miaka mitatu. Mume wake alikuwa dereva wa lori mpaka alipostaafu mwaka jana. Watu wanamwita Kipimo, kwa sababu hata chumvi ya mboga anataka ipimwe. Alipostaafu alinunua trela kuukuu la kulala, yaani chumba kidogo chenye magurudumu mawili kinachovutwa na gari, akalikarabati kwa mikono yake. Alisema miaka yote ya lori alitembea yeye, mkewe akabaki kulinda nyumba, sasa ni zamu ya mkewe kuona barabara. Dada alijifanya kununa, lakini mapazia ya trela aliyashona mwenyewe wiki ile ile.

Mnamo tarehe 3 Machi, Jumatatu, saa tatu asubuhi, Kipimo alikuja karakana kwangu. Alinieleza kwamba trela likishatenganishwa na gari hushushwa jeki nne, moja kila pembe, ili lisiyumbe mtu anapotembea ndani. Ardhi ikiwa laini, miguu ya jeki inazama. Kwa hiyo kila jeki inahitaji ubao wa kukanyagia. Mbao hizo yeye aliziita viatu. Alisema, "Shemeji, nataka viatu vinne. Ubao mnene, halafu tairi kuukuu juu na chini. Usivipendezeshe, vinakwenda kukaa matopeni."

Nilichukua mabaki ya mbao ngumu za mlango. Nikakata vipande vya shubiri moja na nusu kila upande, nikavibandika viwili viwili kwa gundi, nyuzi za mbao zikipishana ili visipasuke. Nikakaza skrubu. Pembeni nikatoboa tundu la kamba ya kubebea. Upande wa chini niliweka tairi kama alivyosema. Upande wa juu sikuweka.

Afande ameniuliza kwa nini. Jibu ni aibu, lakini ndilo hilo. Nilijua dada atavitazama. Kuweka kipande cha tairi chenye matope ya zamani juu ya ubao mzuri vile, mkono wangu ulikataa. Nikapiga msasa mpaka ubao ukalainika, halafu nikapaka vanishi mara tatu. Ungeweza kujiona uso. Miaka thelathini na saba nimefundishwa na wateja kwamba kazi isiyong'aa haijaisha, na siku hiyo nikamtii mteja ambaye hakuwepo.

Nilimpelekea tarehe 8 Machi. Kipimo alivigeuza kimoja kimoja, akapitisha kidole juu. Alisema, "Shemeji, hivi ni vya sebuleni." Niliona amenisifia. Sikujua kwamba siku ile ile alikata vipande vya gunia akavitandika juu ya kila kiatu, ili mguu wa jeki upate pa kushika. Wamesafiri safari tatu kwa magunia hayo, na trela halikutikisika.

Jana, Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi jioni, niliwatembelea kwenye uwanja wa kupiga kambi ulio nje ya mji. Trela lilikuwa limeegeshwa karibu na ua, mahali penye mteremko kidogo. Magurudumu yalizuiwa kwa mawe. Niliinama kuangalia viatu vyangu nikakuta vimefunikwa. Nikasema kwa sauti, nikicheka, "Kumbe kazi yangu mnaionea haya mpaka mnaivisha magunia." Nilikuwa natania. Lakini nisijisafishe, kidogo niliumia pia, na Kipimo ni mtu wa kusoma uso.

Alileta mpini wa jeki, akapandisha jeki moja baada ya nyingine, akatoa magunia yote manne, akashusha tena. Alipomaliza akahesabu kwa sauti kama kawaida yake, "Moja, mbili, tatu, nne, viatu vimevaliwa." Nilifurahi. Haya naomba yaandikwe hivyo hivyo: nilifurahi.

Saa kumi na moja na nusu, Kipimo na dada walikaa mlangoni kucheza drafti. Nimesikia kwamba mlinzi wa uwanja amewaambia polisi alimsikia Kipimo akimtishia mkewe, "Leo nakuangusha." Ni kweli alisema, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Alikuwa amebakiwa na kete mbili na dada ana saba. Alisema kwa sauti kubwa kwa sababu dada sikio lake la kushoto halisikii. Nyumbani kwao ukimwambia chai imepoa, jirani wa tatu anajua. Simlaumu mlinzi, alisikia maneno bila kuona drafti. Aliyeshinda ni dada. Niliondoka saa kumi na mbili.

Leo Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, Kipimo alinipigia simu. Alisema dada ameanguka kutoka mlangoni na yuko hospitali. Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Nilimkuta koridoni, amevaa fulana tu, hana shati. Alisema dada alipotaka kushuka, saa moja kasoro, pembe ya nyuma ya trela ilishuka ghafla, akaangukia ngazi ya chuma. Amevunjika nyonga. Nikauliza imekuwaje. Alitazama ukuta akasema, "Ni mimi. Kiatu kimoja nilisahau kukiweka."

Nilijua anadanganya, kwa sababu nilimsikia akihesabu. Lakini nilikuwa na wasiwasi wa dada, nikanyamaza.

Saa nne askari wawili walikuja kumchukua. Mlinzi alikuwa amewaeleza kwamba baada ya mama kuanguka alimwona mzee akiokota kitu chini ya trela na kukificha ndani ya gari. Kabla hajaondoka, Kipimo alinipa ufunguo wa gari ili nimletee dada nguo. Akaniambia, "Buti usilifungue, shemeji, kitasa kimeharibika." Mtu huyu bawaba ikilia asubuhi, mchana imeshatiwa mafuta. Hajawahi kulala na kitasa kibovu.

Nilifungua buti pale pale kwenye maegesho ya hospitali. Kitasa ni kizima. Ndani kulikuwa na shati lake, na ndani ya shati kulikuwa na kiatu changu. Juu ya vanishi kuna mchubuko mmoja ulionyooka, unaanza katikati na kutokea ukingoni. Hapo ndipo mguu wa chuma ulipoteleza. Nikaendesha mpaka uwanjani kuangalia vile vitatu vilivyobaki. Viko chini ya jeki zake, na umande ulikuwa haujakauka upande wa kivuli. Nilipitisha kidole juu kama alivyofanya yeye siku ile. Vinateleza mithili ya sahani yenye sabuni.

Kipimo hakusahau kitu. Alificha kiatu ili nisijue kwamba kazi yangu ndiyo iliyomwangusha dada yangu. Niliketi chini kwenye nyasi nikalia, kwa sababu kama angekuwa mtu wa kulaumu, ningeweza angalau kujitetea.

Saa saba mchana nilimpelekea dada nguo. Alikuwa anasubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Aliniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia ameenda kutafuta dawa. Alinishika mkono akasema, "Ameniambia alisahau. Huyo hajasahau kitu tangu anioe." Akanivuta karibu na kuuliza polepole, yeye ambaye huwa hasemi polepole, "Sasa kama hakusahau, alifanya nini?"

Wameishi pamoja miaka thelathini na nane na sijawahi kumsikia akiuliza swali la namna hiyo. Nilimweleza yote hapo hapo, magunia, vanishi na utani wangu. Alinisikiliza kwa sikio lake zima. Alisema tu, "Nenda ukawaambie." Wakamchukua, nami nikaja moja kwa moja hapa.

Kiatu nimekileta kikiwa ndani ya shati, sijakifuta. Kuhusu aliyetengeneza, ni mimi. Kuhusu aliyesababisha magunia yatolewe, ni mimi. Kama kuna kosa la kisheria, liandikwe kwa jina langu. Shemeji yangu kosa lake ni heshima tu, alishindwa kuniambia usoni kwamba nimeharibu.

Nimemaliza. Yaliyoandikwa hapa ndiyo niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyasema, na hakuna aliyenituma.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya. Amekubali ni sahihi. Nilipendekeza neno "nilifurahi" liondolewe kwa kuwa halihusu shauri, shahidi amekataa. Kielelezo kimepokelewa: ubao mmoja wenye tairi upande mmoja na vanishi upande wa pili, ukiwa ndani ya shati la mwanamume.

Saa kumi kasoro dakika tano mshukiwa alitolewa mahabusu na kuonyeshwa kielelezo. Alisema alikiokota barabarani zamani, na fundi aliyekitengeneza hamjui. Nilimuuliza mara ya pili, akajibu vile vile. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na shahidi alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Alisema kutoka hapo alipo, "Shemeji, dada hakuamini kwamba ulisahau, akaanza kukuogopa. Sasa anajua. Nimemwambia mwenyewe."

Mshukiwa aliuliza kama mkewe alikuwa bado anamwogopa. Shahidi alijibu hapana. Mshukiwa aliomba maelezo yake ya kwanza yafutwe.

Sahihi ya afisa: (imetiwa)